Namna ya Kulipwa Kutwa Nzima kwa Kazi ya Saa Moja

Sogea karibu, ndugu yangu, maana jambo hili huwaudhi watu wema na sitaki tusikike mbali. Ipo njia ya mkato ya kufika kwa Mungu. Haidai fedha, haidai cheo kanisani, wala haikuulizi ulilala wapi jana. Aliyeitoboa siri ni Yesu mwenyewe, na habari iko katika Injili ya Mathayo, sura ya 20.

Mwenye shamba la mizabibu alitoka alfajiri kutafuta vibarua, akapatana nao dinari moja kwa siku. Huo ndio uliokuwa ujira wa kawaida wa kutwa. Akatoka tena saa tatu, saa sita na saa tisa, na kila mara akapata watu. Saa kumi na moja jioni, jua likielekea kuzama, akakuta wengine bado wamesimama sokoni, nao akawapeleka shambani. Jioni ilipotimia, msimamizi akaanza kulipa, akianzia kwa wa mwisho. Waliofanya kazi saa moja wakapewa dinari. Waliofanya kazi kutwa nao wakapewa dinari. Hapo ndipo manung'uniko yalipoanza.

Wahenga wanasema mchumia juani hulia kivulini. Wale wa jioni jua hawakulionja, na kivulini walikula. Mwongozo huu utakufundisha kuwa mmoja wao. Fuata hatua kwa mpangilio, usiruke hata moja.

Hatua ya 1: Baki kijiweni

Nenda asubuhi mahali popote vibarua wanapongojea kazi, uone nani huchukuliwa kwanza. Ni vijana wenye vifua vipana. Mzee huachwa. Mwenye mguu mbovu huachwa. Mgeni asiyejulikana na mtu naye huachwa. Basi usidhani waliokutwa saa kumi na moja walikuwa wavivu. Walipoulizwa mbona wamesimama kutwa bila kazi, walijibu kwamba hakuna aliyewaajiri. Hawakuwa na utetezi mwingine.

Sifa unayotakiwa kuwa nayo ni moja tu: uwe bado umesimama pale. Usirudi nyumbani saa saba kwa kujiambia kwamba siku imeshaharibika. Ndoa iliyovunjika, miaka iliyoishia kwenye pombe, imani uliyoiacha tangu kipaimara, vyote hivyo vinakufanya uwe mtu wa jioni tu. Na watu wa jioni wana nafasi yao.

Aliyechelewa kuliko wote ni yule mhalifu aliyesulubiwa kando ya Yesu, ambaye Luka anamtaja. Hakubatizwa. Hakutoa zaka. Hakuhudhuria darasa lolote la mafundisho. Hata kurudisha alichoiba hakuweza tena. Aliomba akumbukwe tu, akaahidiwa pepo siku ileile.

Ila usichelewe makusudi. Kaisari Konstantino alibatizwa mwaka 337 akiwa karibu kufa, na katika zama zake wapo wengi walioahirisha ubatizo hivyo hivyo. Hesabu hiyo ina kasoro moja kubwa: inataka ujue saa jua lako litakapozama. Wale wa sokoni hawakujificha ili waje mwishoni. Wangeitwa alfajiri, wangekwenda mbio.

Hatua ya 2: Usipatane bei

Rudi kwenye habari yenyewe, utazame nani aliahidiwa nini. Wa alfajiri walipatana dinari. Wa saa tatu waliambiwa watapewa iliyo haki. Wa saa kumi na moja waliambiwa tu waende shambani. Sasa tazama nani alinung'unika jioni. Ni wale wa mapatano peke yao.

Jifunze hapo. Usimwendee Mungu na bei mkononi: nimefunga, nipe mume, nimetoa fungu la kumi, nipe biashara, nimeimba kwaya miaka yote hii, mponye mtoto wangu. Najua uchungu unaomfanya mtu aombe hivyo, na Mungu anaujua kuliko mimi. Mwambie haja yako yote, hata kwa machozi. Ila usiifanye sadaka yako kuwa malipo ya awali. Ukidai kulipwa sawasawa na kazi yako, hesabu itabidi ifunguliwe yote, na daftari lina kurasa za mchana na kurasa za usiku. Sijakutana na mtu ambaye angependa kulipwa kwa kurasa zote mbili.

Hatua ya 3: Likubali deni, kisha usiahidi kulipa

Watu wengi hukwama hapa, kwa sababu wana adabu. Sura ya 18 ya Mathayo ina mtumwa aliyedaiwa na mfalme talanta 10,000. Chukua kalamu. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000. Deni zima ni dinari milioni 60. Kibarua wa dinari moja kwa siku, akifanya kazi siku 300 kila mwaka bila kula senti, angelimaliza baada ya miaka 200,000.

Mtumwa akapiga magoti akaomba nini? Muda. Akaahidi kwamba atalipa yote! Yesu alipanga namba hizo ziwe za kuchekesha, maana ndivyo sisi tunavyoomba. Tunamwambia Mungu atusubiri kidogo tu, kuanzia mwezi ujao tutakuwa watu wengine.

Wewe usiombe muda. Mfalme hakumpa muda, alimfutia deni. Na angalia mfalme alivyofanya, kwa sababu hapa ndipo penye moyo wa imani ya Kikristo. Deni la namna hiyo haliyeyuki hewani. Anayesamehe ndiye anayebaki na hasara. Mfalme alizibeba zile dinari milioni 60 yeye mwenyewe, na Wakristo wanapoutazama msalaba wanaona mahali ambapo Mungu alifanya hivyo hivyo. Neema ni bure kwa anayepokea. Kwa aliyeitoa ilikuwa na gharama.

Hatua ya 4: Andaa hotuba, ila usiimalize

Mwana mpotevu wa Luka 15, akiwa katikati ya nguruwe na njaa, alitunga hotuba yenye hoja tatu. Ya kwanza: nimekosa. Ya pili: sistahili kuitwa mwanao. Ya tatu: nifanye kuwa mmoja wa watumishi wako wa mshahara.

Hoja mbili za mwanzo ni za kweli, na wewe zitumie. Ya tatu ndiyo yenye ujanja. Kijana alitaka kurudi nyumbani kwa mlango wa kazi, ili kila jioni aweze kusema chakula hiki nimekitolea jasho. Alikuwa tayari kupoteza baba ili apate mwajiri.

Baba alimwona angali mbali, akakimbia. Wewe unajua ni jambo gani kwa mzee mwenye heshima zake kukunja kanzu na kukimbia mbele ya watu. Kijana alisema hoja ya kwanza, akasema ya pili, na kabla hajaifikia ya tatu baba alikuwa ameshaagiza joho, pete, viatu na ndama aliyenona. Basi andaa hotuba yako, hakuna ubaya. Ukifika kwenye kipengele cha mshahara, jiachie ukatizwe.

Hatua ya 5: Acha vyeti nyumbani

Wahenga walisema pia kwamba mkono mtupu haulambwi. Hapa, mkono mtupu ndio pekee wenye nafasi ya kupokea. Farisayo wa Luka 18 alikwenda hekaluni na vyeti halali kabisa: alifunga mara mbili kwa juma, alitoa zaka katika mapato yake yote. Hakudanganya. Mtoza ushuru alisimama mbali, hakuinua hata macho, akaomba rehema, na ndiye aliyerudi nyumbani akiwa amehesabiwa haki.

Kwa hiyo unapoingia kuomba, iache kadi ya ahadi uliyoimaliza mwezi wa tatu. Iache bahasha ya sadaka yenye jina lako. Kiache kiti cha mbele ambacho wageni huambiwa kina mwenyewe. Endelea kutoa, endelea kufunga, kanisa lahitaji paa na maskini wahitaji unga. Lakini hayo usiyapeleke kwa Mungu kama hati ya madai.

Usidhani ni jambo dogo, maana Wakristo wameligombania kwa karne nyingi. Mtawa Pelagio alipofundisha kwamba mtu aweza kuwa mwema kwa nguvu za hiari yake mwenyewe, Augustino, askofu wa Hippo katika nchi iitwayo leo Algeria, alimpinga kwa kalamu miaka mingi, na mtaguso wa maaskofu wa Afrika uliokutana Karthago mwaka 418 ukayakataa mafundisho hayo. Tarehe 31 Oktoba 1517 Martin Luther wa Wittenberg alitoa hoja zake 95 dhidi ya biashara ya vyeti vya rehema, na Ukristo wa Ulaya ukapasuka. Ilipita miaka 482. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Wakatoliki na Walutheri walitia sahihi tamko la pamoja wakikiri kwamba mtu hupokelewa na Mungu kwa neema, kwa kumwamini Kristo, na si kwa stahili yake. Wewe waweza kufika hapo leo jioni, kwa miguu yako.

Hatua ya 6: Jiandae kukasirika

Mpaka sasa umefurahi kwa sababu anayelipwa ni wewe. Ngoja alipwe adui yako.

Nabii Yona alitumwa Ninawi, mji wa Waashuru, watu wakatili waliotesa mataifa. Akapanda meli kuelekea Tarshishi, upande mwingine kabisa. Wengi husema aliogopa kuuawa. Yeye mwenyewe, katika sura ya 4, anatoa sababu nyingine: alijua Mungu ni mwenye huruma, na hakutaka huruma hiyo iwafikie wale. Ninawi ilipotubu na kusamehewa, Yona alitaka kufa kwa hasira. Akaulilia mmea uliompa kivuli siku moja, asiulilie mji wenye watu zaidi ya 120,000.

Utafika hapo. Siku aliyekudhulumu shamba atakaposimama kanisani akilia na kupokelewa, utahisi umeibiwa. Hisia hiyo usiidharau, ina swali la kweli ndani yake: je, Mungu ana haki?

Jibu ni kuhesabu tena. Fungua kiganja cha mtu wa alfajiri. Mna nini? Dinari moja, kama walivyopatana. Haikupungua hata nusu kwa sababu ya mwenzake. Kilichopotea ni kitu ambacho hakikuwemo kwenye mapatano, nacho ni raha ya kupata kuliko jirani. Bahati ya mwenzio usiilalie mlango wazi.

Kisha umuulize mtu huyo alikuwa na mchana wa namna gani. Alfajiri alishajua kwamba watoto wake watakula. Akafanya kazi moyo umetulia. Yule wa jioni alisimama kutwa akiona wenzake wakichukuliwa, akijiuliza atamwambia nini mkewe. Nani kati yao alikuwa na siku ngumu zaidi? Tunaomjua Mungu tangu utotoni, tuliolelewa katika sala na nyimbo, tukisema waliokuja mwishoni wamefaidi, tunakiri kwamba kumtumikia tuliona ni adhabu.

Na sasa shika hili, maana mwongozo wote umesimama juu yake. Dinari moja ilikuwa mkate wa nyumba moja kwa siku moja. Torati yenyewe, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 24, iliagiza kibarua maskini alipwe kabla jua halijatua, kwa kuwa maisha yake yanautegemea ujira huo. Angelipwa kwa saa, mtu wa jioni angeondoka na sehemu moja ya kumi na mbili ya mkate. Tumbo la mtoto halina sehemu ya kumi na mbili. Mwenye shamba alilipa kwa kupima njaa, wakati wengine wakipima saa. Hiyo nayo ni haki, na ni haki ya juu zaidi, kwa sababu inamwangalia mtu kabla ya kuangalia daftari.

Hatua ya 7: Rudisha ulichochukua, ila zingatia mpangilio

Wajanja wa aina mbaya huishia hatua ya sita. Wanasema nimesamehewa, mambo yamekwisha, na aliyeumizwa anyamaze kwa jina la Yesu. Hiyo ni dhuluma iliyovaa joho la neema. Dietrich Bonhoeffer, mchungaji Mjerumani aliyenyongwa na utawala wa Hitler mwaka 1945, aliandika mwaka 1937 dhidi ya neema ya bei rahisi, ile inayomsamehe mtu bila kumgeuza.

Mtazame Zakayo, mkuu wa watoza ushuru wa Yeriko. Yesu alimkuta juu ya mkuyu akamwambia atashinda nyumbani kwake. Hakumwekea sharti. Ndipo Zakayo akasimama na kutangaza nusu ya mali yake kwa maskini, na marejesho mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Mpangilio ndio huo: kupokelewa kwanza, kurudisha baadaye. Ukigeuza, umerudi kwenye kununua. Ukikata sehemu ya pili, waliodhulumiwa wameibiwa mara mbili.

Na usikawie kurudisha. John Newton, Mwingereza aliyetunga wimbo wa neema unaoimbwa dunia nzima, alianza kumgeukia Mungu katika dhoruba baharini mwaka 1748, lakini aliendelea na meli za watumwa mpaka mwaka 1754. Maandishi yake ya kuipinga biashara hiyo hadharani yalitoka mwaka 1788. Neema ilimpata mapema. Haki kwa Waafrika aliowasafirisha ilichelewa mno, na wengi wao hawakuiona kamwe. Lisiwe fungu lako hilo.

Huku kwetu tuna mfano bora. Uamsho uliowaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika, ulijulikana kwa watu kutubu hadharani na kurudisha walivyoiba. Walikwenda kwa waliowakosea, uso kwa uso, wakalipa madeni ya zamani. Hawakufanya hivyo ili waokolewe. Walifanya kwa sababu mtu aliyefutiwa dinari milioni 60 hawezi kuendelea kulala na mbuzi wa jirani zizini.

Hatua ya 8: Usisimame mlangoni

Yule mtumwa wa talanta 10,000 alitoka kwa mfalme akamkuta mwenzake aliyedaiwa naye dinari 100, akamkaba koo. Kaka yake mwana mpotevu alisikia ngoma akagoma kuingia, akidai hajawahi kupewa hata mwana-mbuzi. Wote wawili walifanya kosa lilelile: waliendelea kuhesabu baada ya hesabu kufungwa.

Wewe ingia. Keti karibu na yule usiyempenda. Mtu akikudai radhi, mpe. Mtu akikudharau kwa kuja kwako jioni, mkaribishe naye, kwa kuwa baba alitoka nje kumbembeleza kaka mkubwa pia, na hata mtu mwema aliyenuna anaihitaji neema.

Kesho yake amka alfajiri uende shambani. Utastaajabu kwamba unataka. Mtume Paulo, aliyetunza nguo za waliompiga Stefano kwa mawe, alipokwisha kupokelewa bila kustahili alifanya kazi kuliko mitume wengine wote, na aliandika kwamba hata hiyo kazi ilikuwa neema ya Mungu ndani yake. Hofu ya kukosa ujira humfanya mtu achape kazi siku moja. Ujira uliokwisha kulipwa humfanya aipende kazi maisha yake yote.

Na ukiwa njiani kwenda shambani, pita kijiweni. Kuna mtu pale anayedhani amechelewa mno, huenda ni mwanao, huenda ni yule aliyekuumiza. Mshike mkono mwende pamoja, na akikuuliza malipo ni kiasi gani, mwambie ni yale yale uliyopewa wewe.